Daktari kasikiliza kasema moyo mzima, mashine ya shuleni inasema valvu inavuja

SWALI

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Nkuhungu hapa Dodoma, na ninauza dagaa na mboga soko la Majengo. Kinachoninyima usingizi ni binti yangu mkubwa. Ana miaka 13, yuko kidato cha kwanza shule ya kutwa.

Miezi miwili iliyopita wataalamu wa moyo walifika shuleni kwao. Walikuwa na mashine ndogo ya kushika mkononi, wakawapaka watoto jeli kifuani na kuwaangalia kwenye kioo, mmoja mmoja. Wenzake wengi walirudi mikono mitupu. Wangu alirudi na karatasi. Nimeisoma mpaka nimeikariri: valvu ya mitral, ndimi zimenenepa kidogo, mvujo mdogo wa damu, inashukiwa rumatiki ya mwanzo. Apelekwe hospitali ya rufaa kwa eko kamili, na ikithibitika aanzishiwe sindano ya benzathini kila baada ya wiki nne.

Daktari, huyu mtoto simuoni kama mgonjwa. Anacheza netiboli, tena senta, anakimbia uwanja mzima. Halalamiki kifua, hakohoi usiku, miguu haivimbi. Baba yake alipoona nimechanganyikiwa akamchukua hadi kliniki moja ya binafsi mjini. Daktari wa pale akamsikiliza kifuani na mgongoni kwa kile kipimo cha masikioni, akasema moyo unapiga vizuri kabisa, akamwandikia vitamini. Tangu siku hiyo mume wangu kafunga mjadala. Anasema wale wa shuleni walikuwa wanatafuta wateja, na nikiitaja ile karatasi anatoka nje.

Mama mkwe naye amekuja kutoka Mpwapwa na lake. Kwa kuwa mtoto huyu tangu mdogo anasumbuliwa na tonsesi kila ukifika msimu wa baridi na upepo, yeye anasema shida yote ni kimeo, kikatwe. Yuko mzee wanayemwamini huko kwao anayekata. Mwaka jana mtoto aliumwa koo, likapoa, kisha goti likavimba akawa anachechemea, goti likapona kifundo cha mguu kikaanza. Tulidhani ni netiboli na kubeba ndoo, tukamchua kwa dawa ya kuchua, kama wiki mbili likaisha lenyewe. Mama mkwe anasema hicho ndicho kimeo, kinashusha ugonjwa mwilini.

Halafu jirani kanimaliza. Anasema sindano hiyo inaua, kuna kijana wa ukoo wao alichomwa akaanguka palepale.

Nisaidie, daktari. Nani mkweli kati ya mashine na yule daktari? Mtoto asiyeumwa achomwe sindano za nini, tena miaka nenda rudi? Aache netiboli? Akikua atazaa? Januari baba yake anataka kumhamishia shule ya bweni Kongwa, nimruhusu? Na mdogo wake wa miaka 8, ambaye wanalala kitanda kimoja, koo linamuuma na ana homa tangu juzi. Nahisi kama nyumba yangu imerogwa.

Mama wa Nkuhungu


JIBU

Marahaba, mama. Pole na mawazo, na pole kwa kukaa katikati ya watu wanne, kila mmoja na dawa yake.

Nianze na mdogo mtu. Lake nilikujibu kwa simu siku ileile barua ilipofika, kwa sababu lisingengoja safu itoke; hapa narudia kwa ajili ya wazazi wengine. Mtoto wa kati ya miaka 5 na 15 akiumwa koo akawa na homa, tezi za shingo zimevimba, na hana mafua wala kikohozi, usiishie kwenye kumsukutulisha maji ya chumvi. Mpeleke kituo cha afya. Huenda koo hilo lina bakteria waitwao streptokoka wa kundi A. Koo lenyewe hupona hata bila dawa, na hapo ndipo wazazi tunapodanganyika, maana madhara yake huja baada ya koo kupoa. Mtoto akianza penisilini au amoksilini ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, homa ya rumatiki huzuilika. Akipewa amoksilini, ni siku 10 kamili, hata kama siku ya tatu anamaliza ugali na mlenda wake akakimbilia kucheza. Akichomwa benzathini, yaani penisilini ya sindano inayokaa mwilini muda mrefu, moja inatosha kwa koo hilo.

Sasa dada mtu. Katika barua yako kuna habari umeitaja kama ya kupitia tu, ukaitumia kueleza hoja ya mama mkwe: koo mwaka jana, kisha goti, kisha kifundo. Ingekuwa mimi ningeanza nayo, kabla hata ya mashine. Homa ya rumatiki huja hivyohivyo, wiki mbili hadi nne baada ya koo. Kinga ya mwili iliyotengenezwa kupigana na bakteria huzigeukia sehemu za mwili zinazofanana na bakteria hao, ikashambulia viungo, moyo, ngozi na hata ubongo. Viungo vinavyouma ni vile vikubwa, goti, kifundo, kiwiko, na maumivu huhama: hiki kikipoa kile kinaanza. Baada ya wiki chache viungo vinapona bila kuacha alama. Madaktari wana msemo wa zamani kwamba ugonjwa huu hulamba viungo na kuuma moyo. Kwa hiyo mama mkwe hakukosea kuona kwamba kuna kitu kilitoka kooni kikashuka mwilini. Ameona sawa kabisa. Kimeo ndicho anachokisingizia.

Siwezi kumpima mtoto kwa barua, na goti la mwaka jana linaweza kweli kuwa la netiboli. Ila ukifika kwa daktari wa moyo usingoje aulize. Mwambie koo liliuma lini, goti lipi lilitangulia, kifundo kilifuata baada ya siku ngapi, kama alikuwa na homa. Mkumbushe binti naye: je, kuna kipindi mwandiko uliharibika ghafla, akawa anadondosha vikombe, mikono au uso ukichezacheza bila yeye kutaka? Hiyo ni sura nyingine ya homa ileile, huwapata zaidi wasichana, na inaweza kuchelewa miezi kadhaa baada ya koo. Nimeona watoto wa namna hiyo wakichapwa darasani kwa uzembe, na wengine wakizungushwa kwa waganga wakisemekana wana mapepo.

Umeuliza nani mkweli. Wote wawili, kila mmoja kwa alichokipima. Valvu ya mitral ni mlango wenye mbao mbili laini (ndizo karatasi yako inaziita ndimi), kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Moyo ukibana kusukuma damu kwenda mwilini, mbao hizo hufunga ili damu isirudi juu. Zikinenepa au kukakamaa kidogo hazikutani vizuri, damu kidogo inarudi. Anayesikiliza kwa stetoskopu anasubiri sauti ya damu hiyo ikipita kwa kasi. Mvujo ukiwa mkubwa sauti ipo, hata mwanafunzi wa udaktari ataisikia. Ukiwa mdogo sauti inaweza isiwepo kabisa, au ikamezwa na kelele za benchi la wagonjwa nje, feni, na mtoto anayehema kwa woga. Aliyekuambia moyo unapiga vizuri alisikia moyo unaopiga vizuri. Hakuuona mlango.

Hili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule wa Kambodia na Msumbiji. Upande wa Msumbiji, kwa njia ya kuwasikiliza kwanza, waligundua watoto 2 wenye ugonjwa huu katika kila 1,000. Walipowapima watoto walewale kwa eko, ambayo ni ultrasaundi ya moyo, walikuta 30 katika kila 1,000. Yaani masikio yaliwaacha wengi mno, tena masikio ya madaktari.

Kuna upande wa pili, na hapa mumeo ana hoja ndogo ambayo sitaki kuizima. Sauti kifuani si lazima iwe ugonjwa. Watoto wengi wenye afya wana sauti ya ziada inayosikika wakiwa na homa au upungufu wa damu, na wenye selimundu huwa nayo mara nyingi. Eko nayo huona hata visivyo na maana. Valvu nzima kabisa ya mtoto inaweza kurudisha damu kidogo sana na asife kwa hilo mpaka uzeeni. Ndiyo maana Shirikisho la Moyo Duniani liliweka vigezo mwaka 2012, na kuvirekebisha 2023. Mpimaji hatakiwi kusema tu kwamba inavuja. Anaangalia mvujo kwa pande mbili, anapima urefu wake (kwa valvu ya mitral ya mtoto mwenye kilo 30 au zaidi usipungue sentimita 2), kasi yake, na kama unadumu muda wote moyo unapobana. Kisha anaangalia umbo: ubao wa mbele kwa mtu wa miaka 20 au chini haupaswi kufika milimita 3, ncha zisikakamae, kamba zinazoushikilia zisinenepe. Mashine ya kushika mkononi haina nguvu ya kufanya yote haya. Kazi yake ni kuchuja.

Uganda ilionyesha uchujaji huo unavyokwenda. Waliwapima watoto na vijana zaidi ya 102,000. Mashine za kwanza zilitia shaka kwa 3,327. Walipopimwa tena kwa eko kamili, wenye ugonjwa wa mwanzo kweli walibaki 926. Zaidi ya theluthi mbili hawakuingia katika hesabu hiyo, na wapo waliorudishwa nyumbani wakiwa wazima. Kwa hiyo inawezekana kabisa binti yako akawa katika hao. Lakini waliorudishwa nyumbani walipimwa kwa eko kamili kwanza. Hakuna aliyerudishwa kwa kusikilizwa tena kifua. Karatasi yako nayo inaomba hilo hilo, na miezi miwili imepita. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko mvujo wenyewe.

Huna haja ya kusafiri mbali. Wengi wanadhani jambo lolote la moyo ni kupanda treni ya SGR mpaka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete kule Dar es Salaam. Eko inapimwa hapa hapa, Hospitali ya Benjamin Mkapa, ile ya upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Pitia kituo chako cha afya au hospitali ya mkoa upate barua ya rufaa, beba karatasi ya shuleni. Kipimo chenyewe hakiumi, hakina mionzi, na hata kufunga kula si lazima. Kama gharama inawakwaza, kabla ya kukata tamaa getini uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wapo kwa kazi hiyo.

Tuseme sasa imethibitika: mvujo mdogo, na ubao umenenepa. Kwa vigezo vya 2023, hatua ziko nne, A hadi D. A ni mvujo mdogo ambao umbo la valvu halijabadilika. Hiyo mara nyingi hufuatiliwa kwa kurudia eko, na wengine hurudi kuwa sawa. B ni mvujo mdogo pamoja na umbo kuanza kubadilika, na ndiyo karatasi yenu inakoelekea. C ni valvu iliyoharibika kiasi cha kutosha kuleta matatizo. D ni matatizo yameshafika.

Mtoto asiyeumwa achomwe sindano za nini? Hili ndilo swali la maana kuliko yote uliyouliza. Sindano haitibu valvu. Hakuna dawa inayorudisha ubao ulionenepa. Inachofanya ni kuwazuia wale bakteria wasipate nafasi kooni, kwa sababu aliyewahi kupata homa ya rumatiki huipata tena kwa urahisi, na kila ikirudi inaongeza kovu juu ya kovu. Valvu huharibika kwa kurudiwarudiwa, mara nyingi kwa koo ambalo hata mama hakulisikia likilalamikiwa. Hao watoto wa Uganda, wenye ugonjwa wa mwanzo na wasio na dalili yoyote kama wako, waligawanywa: nusu wakachomwa sindano kila baada ya wiki nne, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili valvu zilikuwa zimezidi kuharibika kwa watoto 33 kati ya wasiochomwa, sawa na asilimia 8.2. Kwa waliochomwa walikuwa 3, asilimia 0.8. Matokeo hayo yalitoka kwenye jarida la kitabibu mwishoni mwa 2021. Utaona pia kwamba hata wasiochomwa wengi hawakuharibikiwa ndani ya muda huo, kwa hiyo usimhesabu mtoto kama aliyekwisha. Shida ni kwamba huwezi kujua mapema nani atakuwa kati ya wale 33.

Ukisubiri aumwe ndipo uanze, sindano inabaki na kazi ndogo. Wanaotufikia kliniki wakiwa na dalili huwa wametembea na ugonjwa miaka kumi, ishirini. Mvujo ukikua, vyumba vya moyo vinatanuka. Ndio ule watu wanauita moyo mkubwa. Kwa wengine mbao hugandamana, mlango ukawa mwembamba, damu ikarundikana nyuma kwenye mapafu. Mtu anaanza kulala kwa mito mitatu, anaamka usiku akitafuta hewa dirishani, anatibiwa pumu au kifua kikuu miezi mingi kabla mtu hajafikiria moyo. Chumba cha juu kikitanuka sana mapigo hupoteza mpangilio, damu inatuama humo, inaganda, na bonge likitoka linakwenda kichwani. Hapo unakuta kiharusi kwa dada wa miaka 30 na watu wanatafuta aliyemroga. Valvu yenye kovu pia hushikwa na bakteria kutoka kwenye damu, mara nyingi wakitokea kwenye meno mabovu. Homa inayokaa wiki nzima bila malaria kwa mtu mwenye tatizo la valvu ni ya kupimwa damu ya kuotesha vijidudu kabla ya kumeza antibiotiki. Mwisho wa njia hiyo ni kupasuliwa. Akiwekewa valvu ya chuma, atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote na kupima damu mara kwa mara, kwani ikizidi anavuja damu na ikipungua valvu inaganda. Upasuaji huo unafanyika nchini na unaokoa watu. Ila ukiweka sindano ya kila wiki nne upande mmoja na hayo yote upande wa pili, mimi sioni cha kubishania.

Achomwe mpaka lini? Hapa ndipo lile goti linapobadilisha hesabu. Kwa mtoto aliyegunduliwa kwa eko tu, bila historia ya homa ya rumatiki, daktari anaweza kuanza na kama miaka miwili kisha akapima tena na kuamua. Aliyewahi kupata homa yenyewe na valvu imeguswa, kawaida ni miaka 10 tangu shambulio la mwisho au mpaka afikishe miaka 21, lolote litakalochelewa. Valvu ikiharibika zaidi, muda huongezwa. Ukilificha goti kwa kudhani ni jambo dogo, mtoto anaweza kuachishwa sindano mapema mno.

Tuje kwa jirani. Sitasema ametunga. Wapo watu walioanguka baada ya sindano hii, na kwa miaka mingi sisi wahudumu tuliwaandikia wote kuwa ni mzio wa penisilini. Mzio mkali upo, huja ndani ya dakika chache, una dawa yake, adrenalini, na ni nadra: kwa wale watoto wa Uganda lilitokea tukio moja, tena la mzio mwepesi, chini ya asilimia 0.1 ya dozi zote walizochomwa. Lakini kuna kundi lingine. Mtu ambaye valvu zake zimeharibika vibaya, moyo umechoka, akishikwa na maumivu na woga presha yake hushuka ghafla na moyo hauna akiba ya kujiokoa. Januari 2022 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa ushauri kwamba wagonjwa wa namna hiyo wafikiriwe kupewa vidonge badala ya sindano. Pengine ndivyo ilivyokuwa kwa huyo kijana, simjui. Binti anayekimbia senta kutwa nzima, mwenye mvujo mdogo, hayumo katika kundi hilo, na eko ndiyo itakayowahakikishia. Kwa hiyo hadithi ya jirani ni sababu nyingine ya kwenda kupima.

Siku ya sindano asiende na njaa. Anywe maji, achomwe akiwa amelala, na abaki kituoni nusu saa. Amwambie nesi kama aliwahi kuwashwa au kuvimba baada ya penisilini au amoksilini. Wenye mzio wana dawa mbadala. Inauma, tusidanganyane, ni dawa nzito. Nesi mzuri huipasha chupa viganjani, hubonyeza kwa dole gumba kwa sekunde kumi hivi kabla ya kuchoma, kisha husukuma dawa polepole sana. Wengine huichanganya na ganzi kidogo. Mkipata nesi wa hivyo mshikilieni, mjue na zamu zake.

Na wiki nne zihesabiwe kama siku 28. Msiende kwa tarehe moja ya kila mwezi, maana miezi mingi ina siku 30 au 31, mtoto anabaki na siku mbili tatu bila kinga ya kutosha. Kwa mwaka ni sindano 13. Mkichagua siku ya wiki, tuseme Ijumaa, haisahauliki, na Jumamosi ana nafasi ya kupumzisha mguu.

Kimeo kisikatwe. Kukikata hakuwaondoi bakteria kooni hata kidogo, na wembe wa huko unaleta kutokwa damu, pepopunda na magonjwa yanayoambukizwa kwa damu. Mama mkwe umweleze kwa heshima, mwambie macho yake yaliona ugonjwa kabla ya hospitali. Ukianza hivyo atakusikiliza.

Netiboli aendelee nayo. Mvujo mdogo hauna sababu ya kumkalisha benchi. Meno apige mswaki asubuhi na jioni, na akienda kung'oa au kutibiwa jino amwambie daktari wa meno kuhusu moyo wake.

Kuzaa, atazaa. Wanawake wengi wenye mvujo mdogo hubeba mimba na kujifungua salama. Hatari kubwa ni valvu iliyobana, kwa sababu damu mwilini mwa mjamzito huongezeka kwa karibu nusu na moyo ulioweza kuvumilia siku zote unazidiwa, mara nyingi miezi ya mwisho au mara tu baada ya kujifungua. Kwa hiyo afundishwe mapema kwamba siku akipanga mimba apime eko kwanza, na kliniki ya wajawazito aseme historia yake hata kama hakuna aliyemuuliza. Watoto wako wengine wawili nao waangaliwe, kwa kuwa wanalala pamoja na kupumuliana. Ukiweza, tandika godoro la pili na ufungue dirisha.

Kuhusu mume wako, sikushauri umshinde kwa maneno. Nenda naye siku ya eko, na muombe mpimaji amruhusu aingie. Kwenye kioo damu huonekana kwa rangi, nyekundu na bluu, na mvujo kama upo utaonekana ukirudi kila moyo unapobana. Kama haupo, ataona pia, na hoja yake ya wateja itakuwa imeshinda kwa haki. Wanaume wengi wanaobishana na karatasi hawabishani na kioo.

Bweni simkatazi, lakini msimpeleke Kongwa kabla eko haijafanyika. Mabweni yana msongamano, na makoo huambukizana humo. Ikithibitika, kabla ya Januari nenda mwenyewe mpaka kituo cha afya kilicho karibu na shule, uulize kama benzathini ipo na nani atamchoma, kisha uache nakala ya kadi kwa matroni. Mwambie waziwazi kwamba binti akiumwa koo, kiungo kikivimba, akishindwa kupumua vizuri au homa ikikaa siku kadhaa, asipewe panadol akarudishwa darasani. Tarehe za sindano aziandike binti mwenyewe kwenye daftari lake, na ile ya kwanza ya muhula achomwe huku Dodoma kabla hajapanda basi, ili siku 28 zinazofuata ziwakute mmeshajua anakwenda wapi.